Pilipili ya Chupa na Safari ya Jina Lake

Katika matoleo yaliyotangulia ya kijarida chetu tumezoea kuzungumzia ngeli, tafsiri na fasihi simulizi. Safari hii tunaomba radhi kidogo, kwa kuwa tumeamua kuingia jikoni. Hatukuingia huko kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ya alama mbili za mtihani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili maelezo mafupi ya upishi yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Chakula kile kilihitaji viungo vitatu ambavyo Kifaransa kinavitenga kwa majina matatu: poivre, piment na poivron. Kwa Kiswahili vyote vitatu ni pilipili, na kazi ya kuvitenga inaachiwa neno linalofuata. Tulitarajia pilipili manga kwa cha kwanza, pilipili kali au pilipili kichaa kwa cha pili, na pilipili hoho kwa cha tatu. Mwanafunzi mmoja akaandika pilipili hoho mahali pa piment. Tukamkosoa kwa kalamu nyekundu bila kufikiri mara mbili. Alama mbili alizozikosa hapo ndizo zilizomwangusha, na jina lake likabandikwa ubaoni pamoja na ya wale wanaorudia mtihani.

Siku iliyofuata alikuja ofisini akiwa na nakala ya ukurasa mmoja wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya zama za ukoloni. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, kamusi hii imo katika maktaba yetu wenyewe." Tukasoma. Pilipili hoho, kwa mujibu wa ukurasa ule, ni pilipili nyekundu, ile inayowasha. Pilipili nene isiyo na ukali, ambayo leo kila muuza mboga wa Dar es Salaam na Nairobi anaiita hoho, haikutajwa kabisa.

Idara ilikaa kikao. Baadhi yetu walisema mwanafunzi anapaswa kufuata Kiswahili kinachosemwa sasa. Wengine walisema kwamba mwanafunzi wa Rwanda, ambaye hajawahi kusimama mbele ya genge la Kariakoo, hana pa kukipata Kiswahili cha sasa isipokuwa katika vitabu tunavyompa sisi. Hoja hii ya pili ndiyo iliyoshinda. Alama zilirudishwa, ingawa ilichukua wiki tatu kuliondoa jina lake kwenye orodha ile. Baada ya hapo tulijiwekea kazi ya kulifuatilia neno hili mpaka tulielewe. Katika kulifuatilia tulijikuta tukiifuatilia pilipili yenyewe, na mwishowe chupa ya sosi ya pilipili inayokaa juu ya meza za mikahawa yetu. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Jina lilimtangulia mgeni

Wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba pilipili ni neno la Kibantu lililorudufishwa, kama polepole au kizunguzungu. Mmoja aliwahi kutueleza kwamba limeitwa hivyo kwa sababu mtu akionja mara ya kwanza hasikii kitu, ukali huja mara ya pili, na mara ya pili tena. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si kweli. Neno hili ni la kale mno. Katika Kisanskriti, pippali lilikuwa jina la pilipili ndefu ya India, mmea ambao wataalamu wa mimea wanauita Piper longum. Kutoka huko neno lilielekea magharibi. Waajemi wakasema pilpil, Waarabu ambao lugha yao haina sauti p wakasema filfil, Wagiriki peperi, Warumi piper. Poivre ya Kifaransa na pepa ya Kiingereza zimetokana na Kirumi hicho hicho. Kwa hiyo tunapomfundisha mwanafunzi kwamba poivre ni pilipili manga, tunamkutanisha na ndugu wawili waliopotezana zamani.

Tuitazame ile p. Waswahili wangelipokea neno hili moja kwa moja kutoka vinywani mwa Waarabu, tungelitarajia lianze na f. Sisi tunaona kwamba sauti p inaelekeza kwa Waajemi au kwa wafanyabiashara wa pwani ya India, ambako pia tumepata pamba na pilau. Si ajabu, kwa kuwa pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka pande zote hizo kwa karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Bidhaa iliyokuja na jina hilo ilikuwa punje nyeusi, kavu, inayotoka Malabar. Waswahili wakaiita pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni, kwa sababu waliiona ikishushwa na mabaharia wa upande wa Omani. Nchi ilikoota ilikuwa nyingine, lakini jina la bidhaa hufuata aliyeileta. Ndivyo ilivyo pia kwa komamanga na kwa njiwa manga.

Pilipili inayowasha haikuwapo Afrika wakati huo, wala haikuwapo India. Jambo hili huwashangaza wengi, hasa marafiki zetu wanaopika vyakula vya Kihindi. Mmea huo, ambao jina lake la kitaalamu ni Capsicum, asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko na wa nchi za Andes waliulima kwa maelfu ya miaka, na waliufuga katika aina tano. Watu waliosema Kinahuatl waliuita chilli, na wenyeji wa visiwa vya Karibi waliuita ají. Christopher Columbus alikuwa ametoka Uhispania mwaka 1492 kutafuta, pamoja na mambo mengine, njia fupi ya kuifikia pilipili manga. Hakuifikia. Mwezi Januari 1493 aliandika katika kumbukumbu zake kwamba wenyeji wana ají, ambayo ndiyo pilipili yao. Hapo ndipo makosa ya kuita yalipoanzia, nasi bado tunayalipia katika vyumba vya mtihani.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, na Mei mwaka huo huo akawa Calicut. Katika karne iliyofuata meli za Wareno zilizunguka baina ya Brazili, Afrika na Goa, na ndani yake mlikuwa na mbegu. Mihogo, mahindi, nanasi, mapera, korosho na pilipili kali, vyote hivyo ni wageni kutoka Amerika. Kwa mwalimu wa lugha, namna wageni hawa walivyopewa majina ni somo zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya isimu. Nanasi alikuja na jina lake, ambalo Wareno walikuwa wamelichukua kwa Watupi wa Brazili. Mahindi yalipewa jina la nchi ambayo watu walidhani yametoka. Pilipili kali haikupewa jina jipya hata kidogo. Ilipofika pwani, watu waliionja, wakasikia ulimi unawaka, wakasema: hii nayo ni pilipili. Ikavaa jina la punje nyeusi, kama mtoto anavyovaa shati la kaka yake.

Basi jina lilikwisha kuhama mara mbili: kutoka pilipili ndefu ya India hadi punje nyeusi, na kutoka punje nyeusi hadi tunda jekundu la Amerika. Ili kulitenga tunda hilo na punje ya manga, Waswahili wakaongeza hoho. Hapo ndipo ilipo kamusi ya mwanafunzi wetu. Baadaye ikaja pilipili nene ya saladi, ambayo ni jamaa wa tunda hilo hilo lakini haina ukali wowote. Watu wakahitaji pa kuiweka. Katika masoko ya Tanzania na Kenya hoho ikahamia huko, na pilipili peke yake, bila kivumishi, ikabaki kuwa ndiyo ile inayowasha. Mara ya tatu. Mwanafunzi alikuwa sahihi kwa zama moja, na sisi kwa zama nyingine. Huko Goma na Bukavu wala hawajisumbui na suala hili: wanasema pilipili kwa ile kali, na kwa ile nene wanatumia jina la Kifaransa.

Kwa nini inawasha

Kiswahili kina kitenzi ambacho tunakionea fahari. Tunasema pilipili inawasha, na tunasema pia kuwasha moto na kuwasha taa. Wazee waliolitumia neno moja kwa mambo haya hawakuwa na maabara, lakini maabara imekuja kukubaliana nao. Kitu kinacholeta ukali katika pilipili kinaitwa kapsaisini. Mwaka 1997 mtafiti wa Marekani David Julius na wenzake walitambua protini iliyoko katika mishipa yetu ya fahamu ambayo hupokea kapsaisini. Protini hiyo hiyo huamshwa na joto linalozidi kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi, yaani joto linaloanza kuunguza. Kwa hiyo mwili hauwezi kutofautisha: ulimi uliopakwa pilipili unapeleka ubongoni habari ya kuungua, ingawa hakuna kilichoungua. Julius alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Ndege hawasikii ukali huo. Wanakula matunda, wanaruka, wanaziangusha mbegu mbali zikiwa nzima. Wanyama wenye meno ya kusagia, ambao wangeziharibu mbegu, hufukuzwa na ukali. Inaelekea ndivyo mmea ulivyojilinda huko kwao kwa muda mrefu kabla binadamu hajaamua, kwa ukaidi wake, kuupenda kwa sababu ile ile iliyowafukuza wengine. Hata vichakani mwetu, miche ya pilipili kichaa inayoota kando ya mashamba bila kupandwa na mtu ni kazi ya ndege.

Wengi husema ukali umo katika mbegu. Si hivyo. Unatengenezwa katika ule utando mweupe unaozishika mbegu, na mbegu huambukizwa tu kwa kukaa karibu. Tena kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta na katika pombe. Ndiyo maana mtu aliyewashwa akinywa maji baridi anapata nafuu ya dakika moja tu, kisha moto unarudi. Maziwa yanafaa zaidi, kwa sababu ya mafuta na protini zake. Aliyekata pilipili mbuzi kisha akajifuta jicho atuamini bila ushahidi.

Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa mjini Detroit, alibuni njia ya kuupima ukali. Alichanganya dondoo la pilipili na maji ya sukari, akawapa watu waonje, akaongeza maji mpaka wasisikie tena kitu. Idadi ya mara alizozimua ndiyo iliyokuwa kipimo. Siku hizi wanatumia mashine, lakini hesabu bado inaitwa kwa jina lake. Pilipili hoho ya leo ni 0. Pilipili mbuzi na jamaa zake wa jamii ya habanero huwa baina ya 100,000 na 350,000.

Siki na mafuta

Pilipili mbichi haikai. Mwenye shamba anavuna gunia wakati wa msimu, na baada ya wiki moja nusu yake imeoza. Kila mahali ilipofika, watu walitafuta njia ya kuihifadhi, na tukiacha kuikausha, njia kubwa ni mbili: kuitia katika siki na chumvi, au kuitia katika mafuta. Historia ya sosi za pilipili duniani karibu yote imo baina ya njia hizi mbili. Harissa ya Tunisia, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2022, ni ya upande wa mafuta. Sosi za Marekani ni za upande wa siki.

Iliyo maarufu kupita zote katika upande wa siki ni Tabasco. Edmund McIlhenny, aliyekuwa mtu wa benki kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipanda pilipili katika Avery Island, jimbo la Louisiana, mahali penye mgodi wa chumvi. Alivuna mazao yake ya kwanza ya biashara mwaka 1868, na mwaka 1870 alipata hataza. Namna yake haina uchawi: pilipili nyekundu husagwa na chumvi, huwekwa katika mapipa ya mwaloni, huachwa ichachuke hadi miaka mitatu, kisha huchanganywa na siki na kuchujwa. Juu ya kifuniko cha pipa hupangwa tabaka la chumvi. Hewa inayotokana na kuchachuka hupata njia ya kutoka, lakini vijidudu haviingii.

Jambo hili la hewa tulilijua kwa kuchelewa. Mwaka mmoja, katika kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, idara yetu iliandaa meza ya vyakula vya pwani. Mwenzetu mmoja aliyesomea shahada yake ya pili Dar es Salaam alijitolea kutengeneza pilipili ya ukwaju, ile inayomwagiwa mishkaki na urojo kule Unguja. Alisaga pilipili mbuzi, ukwaju, kitunguu saumu na embe bichi, akazijaza chupa kumi na mbili za plastiki siku tatu kabla ya sherehe, akazikaza vifuniko barabara. Siki hakutia, na chumvi alitia ya kuonja tu. Asubuhi ya sherehe tulipofungua kabati la ofisi tulisikia mlio, kisha mwingine. Majarida ya idara yaliyokuwa rafu ya chini bado yana madoa mekundu, na chumba kile hakikukalika siku nzima. Pwani kwenyewe sosi hiyo hutengenezwa asubuhi na kumalizwa jioni. Haikukusudiwa kungoja.

Upande wa mafuta tunao mfano wetu, na hatuoni aibu kuusifu. Msafiri atokaye Kigali kwenda Musanze hupita Nyirangarama, wilaya ya Rulindo, na mabasi mengi husimama hapo. Bwana Sina Gérard alianza biashara yake ndogo kando ya barabara hiyo mwaka 1983, na kwa miaka ikakua ikawa kiwanda cha vyakula na vinywaji. Kati ya bidhaa zake, iliyosafiri mbali zaidi ni Akabanga, mafuta ya pilipili yanayouzwa katika vichupa vidogo vyenye mdomo wa kutona, kama vichupa vya dawa ya macho. Kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta, tone moja hubeba ukali mwingi. Mteja wa kawaida mbele ya mishkaki yake hutona mawili au matatu. Mgeni asiyejua huminya kichupa kama anavyominya tomato sosi, na wenyeji humwangalia bila kusema neno.

Jina lenyewe linafaa kuingia darasani. Katika Kinyarwanda ibanga ni siri, na aka- ni kiambishi cha udogo, sawasawa na ka- tunayoikuta katika kasiri au katoto. Akabanga ni kijisiri. Pilipili kwa Kinyarwanda ni urusenda, neno ambalo halina udugu na pippali wala filfil. Waganda nao wana kamulali. Hii inaonyesha kwamba mmea ulipoingia bara, baadhi ya jamii zilibuni jina lao wenyewe badala ya kuazima la pwani. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, mambo yalikwenda vingine: misafara ya biashara ya karne ya 19 kutoka Ujiji kuelekea Manyema na Kisangani ilipeleka Kiswahili, na pilipili ikaingia mpaka katika Kilingala. Hata Kifaransa cha Kongo kinasema pili-pili.

Piripiri yarudi

Hapa tunafika mahali ambapo sisi walimu tunapaswa kujikosoa. Kinyarwanda hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na wanafunzi wetu wakifika mwaka wa kwanza wengi husema piripiri. Sisi huwasahihisha. Tumekuwa tukiwasahihisha kwa miaka mingi, kwa uvumilivu, na pengine kwa kuwacheka kidogo.

Lakini nenda Lisbon au Maputo uagize kuku wa kuchoma, utaletewa frango au galinha à piri-piri. Wareno ndio walioileta pilipili kali Afrika, kisha wakalichukua jina lake kutoka kwa Waafrika. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha piri-piri na pilipili ya Kiswahili pamoja na piripiri ya Kironga, lugha ya kusini mwa Msumbiji. Washona wa Zimbabwe nao wanasema mhiripiri. Katika nyumba za Wareno wa Msumbiji pilipili kichaa ilisagwa na kitunguu saumu, ndimu, mafuta na chumvi, ikapakwa kuku, kuku akachomwa kwenye makaa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Wareno wengi waliondoka, baadhi wakaenda Ureno na wengine Afrika Kusini, na mapishi yakaenda nao.

Mtaa mmojawapo waliohamia ni Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Huko mwaka 1987 Fernando Duarte alimpeleka rafiki yake Robert Brozin katika mkahawa mdogo ulioitwa Chickenland. Walimpenda kuku wa pale, wakaununua mkahawa, wakaupa jina la Nando's. Leo mikahawa hiyo imeenea katika nchi nyingi, na chupa za sosi yake zinapangwa madukani Uingereza zikiwa zimeandikwa peri-peri. Mwingereza anayeinunua anadhani amenunua neno la Kireno. Mreno anajua ni la Kiafrika. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunapaswa kujua kwamba kabla ya kuwa la Kiafrika lilikuwa la Kiajemi, na kabla ya hapo la Kihindi, na kwamba tunda linaloitwa hivyo halikuwa la yeyote kati yao.

Tuna mwenzetu ambaye haafiki tunapolisema hili mbele ya wanafunzi. Anaona tunawapokonya kitu. Kwa mtazamo wake, Kiswahili kimeipa dunia maneno machache yanayotambulika, safari na pilipili yakiwamo, na mwalimu anayesema kwamba pilipili limetoka India ni kama baba anayemtangaza mwanawe kuwa wa kupanga. Tumejadiliana naye mara nyingi. Jibu letu ni kwamba safari nalo lina shina la Kiarabu, na hakuna anayesema si la Kiswahili. Mswahili hakulipokea neno akaliweka kabatini. Alilipa irabu zake, akaliweka katika ngeli ya i-zi, akaupa mmea ngeli ya u-i ukawa mpilipili, akazaa kutoka humo kichaa, mbuzi, hoho na manga, kisha akalitia katika methali. Anayeambiwa "pilipili usiyoila yakuwashiani?" haulizi kama ni ya Malabar au ya Meksiko, anajua ameambiwa aache udaku. Mwenzetu hajaridhika, nasi hatutazamii aridhike karibuni.

Sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Rwanda ilipopitishwa na Bunge mwaka 2017, tulidhani kazi kubwa itakuwa ya kutafsiri sheria na hotuba. Sehemu kubwa ya kazi inayoletwa mlangoni mwetu ni vibandiko: sabuni, unga, asali, na sosi ya pilipili ya vikundi vya akina mama wanaotaka kuuza ng'ambo ya mpaka. Wanaotengeneza vitu hivi huuza chupa mia moja, mia mbili. Neno likikosewa, mteja wa Mwanza anayetaka kitu cha kuwasha anaiacha chupa iliyoandikwa hoho akidhani ni tamu, na mteja wa Bukoba anayemnunulia mtoto anaichukua kwa sababu hiyo hiyo. Anayepata hasara ya kwanza ni mama aliyechapisha vibandiko mia mbili kwa fedha za mkopo, na anayelia ni mtoto.

Mwanafunzi wetu wa alama mbili alimaliza masomo, na sasa ni mmoja wa wale tunaowapelekea kazi hizo. Hivi karibuni alituonyesha kibandiko cha sosi ya mafuta aliyokuwa akiitafsiri. Mahali pa viungo hakuandika pilipili hoho, wala hakuandika pilipili peke yake. Ameandika pilipili mbuzi, mafuta ya alizeti, chumvi. Chini yake ameongeza mstari ambao haukuwamo katika maandishi ya Kinyarwanda, na mwenye bidhaa ameukubali: "Ni kali sana. Tone moja latosha." Tulimwuliza kwa nini hakuandika matone mawili, kama wanavyotumia wenyeji. Akasema, "Mwalimu, wale wa huko bado hawajaizoea."